Seti ya Bisibisi Huchaguliwa kwa Kuitazama Skrubu

Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi na umeme huuza bisibisi kwa idadi. Sanduku la plastiki lenye vipande arobaini au mia moja hutundikwa mbele ya kaunta, na mnunuzi huvutwa na wingi wa vipande kuliko umbo la kimoja kimoja. Ukilifungua sanduku hilo baada ya mwaka mmoja wa matumizi ya nyumbani, aghalabu utakuta vipande vinne au vitano vimechakaa na vilivyobaki havijawahi kuguswa. Jambo hilo lingekuwa upotevu mdogo wa fedha tu, isipokuwa mara nyingi vile vinne vilivyochakaa navyo havikuwa saizi sahihi ya kazi iliyofanywa, na gharama yake imelipwa na skrubu.

Skrubu nyingi zinazoharibika kichwa haziharibiwi na mkono wenye nguvu kupita kiasi, wala na kutu peke yake. Zinaharibiwa na ncha isiyolingana na mkato uliomo kichwani mwake. Kwa hiyo anayetaka kununua seti nzuri anafaa kwanza kuzikagua skrubu alizonazo, yaani za milango na fanicha, za soketi na swichi, za gari au pikipiki, za jokofu na kompyuta, kisha atafute ncha zinazozikaa barabara. Chuma, mpini na jina la kampuni ni mambo ya kuangaliwa baada ya hapo.

Misalaba mitatu inayofanana

Katika maduka yetu takriban kila bisibisi yenye ncha ya msalaba huuzwa kama bisibisi ya nyota, nayo huchukuliwa kuwa ni aina moja yenye saizi ndogo, ya kati na kubwa. Kwa kweli zimo humo aina tatu ambazo vipimo vyake vinakaribiana kiasi cha kuingiliana, lakini havilingani kiasi cha kushikana vizuri.

Iliyoenea zaidi ni Phillips. Henry F. Phillips wa Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, alilichukua wazo la John P. Thompson, akaliboresha na kupewa hataza mwaka 1936. Kampuni ya General Motors ikawa miongoni mwa wa kwanza kuitumia, katika magari ya Cadillac. Kilichowavutia wenye viwanda ni kwamba ncha ya msalaba hujipanga yenyewe katikati ya skrubu, jambo ambalo ncha bapa haiwezi, hivyo mashine ikaweza kukaza skrubu kwa kasi bila ncha kuponyoka na kukwaruza rangi ya gari. Lakini kuta za msalaba huo zimeinama na kuelekea kukutana chini, na kwa sababu hiyo kadiri nguvu ya kuzungusha inavyoongezeka, sehemu ya nguvu hiyo hugeuka kuwa msukumo wa kuitoa ncha nje. Ndiyo maana anayefungua skrubu ya Phillips iliyokaza lazima aikandamize bisibisi ndani kwa nguvu kuliko anavyoizungusha. Akilegeza mkono kidogo, ncha hupanda, hula kingo za mkato, na ikishapanda mara mbili tatu skrubu huwa imebaki na shimo la duara ambalo bisibisi yoyote itazunguka ndani yake bure.

Aina ya pili ni Pozidriv, iliyobuniwa kuurekebisha udhaifu huo na kuenea sana Ulaya kuanzia miaka ya 1960. Kuta za mkato wake zimesimama wima zaidi, na katikati ya mabawa manne ya ncha kuna mbavu nne ndogo zinazoingia katika nafasi zake kwenye skrubu. Kuitambua si kazi kubwa: kichwa cha skrubu ya Pozidriv kina vistari vinne vyembamba vilivyochorwa kati ya mikono ya msalaba, kwa hiyo ukiitazama kwa karibu huonekana kama ina misalaba miwili, mmoja mzito na mwingine hafifu. Skrubu za mbao za kutoka Ulaya, fanicha za kujiungia mwenyewe, bawaba za makabati ya jikoni na vivunja saketi vya umeme vina Pozidriv kwa wingi. Bisibisi ya Phillips huingia humo, lakini hucheza na kuponyoka mkono unapoongeza nguvu. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa maana bisibisi ya Pozidriv haifiki chini kabisa katika skrubu ya Phillips kwa kuwa mbavu zake hazina pa kuingia, na mtumiaji hudhani imeshika kumbe imekaa juu juu.

Aina ya tatu ndiyo inayowatesa mafundi wa Afrika Mashariki bila wengi wao kuijua. Ni msalaba wa Kijapani, unaofahamika kwa herufi JIS, yaani Viwango vya Viwanda vya Japani. Magari yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yametoka Japani kwa sehemu kubwa, na skrubu za msalaba zilizofungwa humo kiwandani, pamoja na zile za pikipiki za Kijapani, zilichongwa kwa vipimo hivyo. Msalaba wa Kijapani una pembe kali zaidi mahali mikono inapokutana, ilhali ncha ya Phillips ina mviringo mahali hapo hapo, na mviringo huo hugota kwenye kingo za skrubu kabla ncha haijafika chini. Mfano mzuri ni skrubu mbili zinazofunga kifuniko cha chombo cha mafuta ya breki kwenye usukani wa pikipiki. Ni ndogo, laini, zimezama ndani ya kifuniko, na mafuta na unyevu vimezishikisha kwa miaka. Fundi huingiza bisibisi ya Phillips, huhisi imekaa, huzungusha, na ncha huruka na kuondoka na ukingo wa mkato. Baada ya hapo hutafutwa patasi na nyundo, na kifuniko hupasuka. Kwa bisibisi ya JIS saizi ya 2, iliyogongwa kidogo kwa nyundo ili ikae, skrubu hiyo hiyo kwa kawaida hufunguka.

Skrubu nyingi za JIS hutambulika kwa nukta moja ndogo iliyobonyezwa kwenye kichwa, kando ya msalaba, ingawa si zote zinazo alama hiyo. Kampuni za Kijapani kama Vessel ya Osaka hutengeneza bisibisi zenye umbo hilo. Habari njema kwa mnunuzi asiyetaka kujaza sanduku ni kwamba ncha ya JIS hufanya kazi vizuri katika skrubu nyingi za Phillips, wakati Phillips haifanyi vizuri katika JIS. Mwenye kutengeneza magari na pikipiki za Kijapani, akilazimika kuchagua moja, achukue ya Kijapani.

Baada ya aina huja saizi. Phillips huandikwa PH na Pozidriv PZ, kisha namba. Saizi ya 2 ndiyo ya kazi nyingi kuliko nyingine zote: skrubu za mbao zenye unene wa milimita 3.5 hadi 5 huihitaji, na ndiyo inayochakaa kwanza katika kila sanduku. Saizi ya 1 ni ya skrubu za milimita 3 kushuka chini, kama za vifuniko vya redio, vichezeo na vifaa vidogo vya umeme. Saizi ya 3 ni ya skrubu nene za milimita 6, kama za bawaba za milango mizito au sahani ya kufuli ya mlango wa gari, na watu wengi hawanayo. Huzifungua kwa saizi ya 2 na kuziharibu. Kosa la kutumia ncha ndogo kuliko mkato ni la kawaida kuliko kosa la kutumia kubwa, kwa sababu ndogo huingia na kubwa hukataa. Ncha sahihi ni ile kubwa kuliko zote inayofika chini ya mkato.

Ncha bapa na nyinginezo

Bisibisi bapa ndiyo kongwe na ndiyo inayodharauliwa. Hutumika kufungulia makopo ya rangi, kubandulia misumari na kukwangulia gundi, kisha huulizwa kwa nini haishiki skrubu. Vipimo vyake ni viwili, navyo huandikwa pamoja kwenye bisibisi nzuri: unene wa ncha na upana wake, kwa mfano 0.8 × 4 au 1.0 × 5.5 au 1.2 × 6.5, vyote kwa milimita. Unene unatakiwa kujaza mkato bila kucheza, na upana ukaribie upana wa kichwa cha skrubu bila kukipita. Ncha nyembamba sana hujipinda na kubonyeza kingo mbili tu za mkato; ncha pana sana hukwaruza kilicho kando. Bisibisi isiyoandikwa unene wake inaficha nusu ya habari anayoihitaji mnunuzi.

Kuna pia tofauti ya umbo la fimbo. Nyingine hupanuka karibu na ncha na nyingine zina upana mmoja kutoka juu hadi chini. Zilizonyooka ndizo zinazofaa kwa umeme na kwa skrubu zilizozama ndani ya tundu, kwa kuwa ile iliyopanuka hugota kwenye kuta za tundu kabla ya kuifikia skrubu. Kwa plagi ya pini tatu za mraba inayotumika Kenya, Tanzania na Uganda, pamoja na vikonekta vidogo vya nyaya, ncha iliyonyooka ya milimita 3.5 au 4 hutosha kwa kazi karibu yote.

Aina zilizobaki zinaweza kupitiwa haraka. Torx, yenye vichanja sita vya mviringo na iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 na kampuni ya Camcar Textron, inashika vizuri sana kwa kuwa kuta zake ni wima. Hupimwa kwa herufi T na namba, nayo imejaa katika magari ya Ulaya na mashine za umeme. Zile zenye kijiti katikati ya kichwa huhitaji ncha yenye tundu. Bolti za tundu la pembe sita ni afadhali kufunguliwa kwa funguo za alini zenye umbo la herufi L, ambazo zina mkono mrefu wa kuongezea nguvu, kuliko kwa bisibisi. Mraba wa Robertson, uliopewa hataza nchini Kanada mwaka 1909, ni mzuri ajabu na bado unatumika sana huko, lakini mtu wa Tabora au Kisumu anaweza kuishi bila kuuhitaji. Simu na kompyuta za mkononi zina skrubu zake ndogo mno, na seti yake ni ya pekee. Haifai kuchanganywa na bisibisi za nyumbani, kwa sababu mpini wake umekusudiwa kuzungushwa kwa ncha za vidole tu.

Chuma, mpini na urefu

Karibu kila bisibisi sokoni, nzuri na mbovu, imeandikwa kwamba ni ya chuma cha kromu na vanadi, kwa kifupi CrV. Maandishi hayo yanasema ni mchanganyiko gani wa madini, lakini hayasemi kama chuma kilipashwa moto na kupozwa ipasavyo, na ugumu wa ncha unatokana zaidi na hatua hiyo. Ncha iliyopozwa vibaya ama ni laini na hujisokota, ama ni ngumu kupita kiasi na hukatika kipande. Mnunuzi hana namna ya kupima ugumu akiwa dukani, lakini anaweza kuyaona mengine. Ncha ya msalaba iliyochongwa vizuri ina kingo kali, mabawa yake manne yana unene mmoja, na haina vipele vya chuma kilichomwagwa. Ukiviringisha bisibisi kwenye kioo cha kaunta, fimbo iliyopinda huonekana mara moja kwa jinsi ncha inavyoyumba. Watengenezaji makini huiacha ncha nyeusi, bila mng'ao wa kromu, kwa sababu ganda la kromu huongeza unene palepale panapohitaji usahihi na baadaye hubanduka. Seti inayong'aa kama kioo kutoka mpini hadi ncha isinunuliwe kwa sababu ya mng'ao huo.

Kuhusu mpini, iko imani iliyoenea kwamba bisibisi ndefu ina nguvu zaidi. Nguvu ya kuzungusha ni zao la nguvu ya mkono na umbali kutoka katikati ya mpini hadi kiganja kinapobana. Urefu wa fimbo haumo katika hesabu hiyo. Kinachoongeza nguvu ni unene wa mpini: mpini wa milimita 30 humpa mkono ule ule nguvu mara moja na nusu ya ile ya mpini wa milimita 20. Bisibisi ndefu huonekana kuwa na nguvu kwa sababu mbili nyingine. Kwanza, watengenezaji huweka mpini mnene zaidi kwenye fimbo ndefu. Pili, fimbo ndefu ikiinama kidogo mkononi, ncha yake huinama kwa pembe ndogo kuliko ya fimbo fupi, kwa hiyo hukaa wima ndani ya skrubu. Urefu wa milimita 100 unafaa kwa kazi nyingi za saizi ya 2. Fupi kabisa, yenye fimbo ya milimita 25 au 40 tu, hununuliwa kwa ajili ya ndani ya droo na chini ya dashibodi, wala haipaswi kuwa ya kila siku.

Mpini wenye pembe tatu au sita zilizolainishwa haubingiriki mezani na haugeuki kiganjani kama wa duara. Mpira laini uliofunikwa juu ya plastiki ngumu ni mzuri kwa mkono mkavu, lakini mpira wa bei ya chini hulainika na kunata baada ya kugusana na petroli na mafuta, na fundi wa magari atafurahia zaidi plastiki ngumu inayofutika kwa tambara. Baadhi ya bisibisi zina pingili ya pembe sita chini ya mpini ya kushikia spana, na nyingine fimbo yake imepenya mpini mzima hadi kwenye kofia ya chuma iliyo juu. Hizo za pili ndizo pekee zilizokusudiwa kugongwa kwa nyundo. Bisibisi moja ya namna hiyo, ya saizi ya 2 au ya 3, ni mali kwa anayefungua skrubu zilizoshika kutu.

Bisibisi za umeme

Umeme wa majumbani katika eneo letu ni wa volti 230 hadi 240, na kati ya fezi mbili ni takriban 400. Bisibisi yenye mpini wa plastiki pekee haihesabiwi kuwa na kinga, kwa sababu fimbo yake ya chuma iko wazi na inaweza kugusa nyaya mbili kwa pamoja, au kidole kikateleza na kuigusa. Bisibisi ya fundi umeme hufunikwa fimbo yote kwa plastiki hadi karibu na ncha, na ikiwa imetengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, hubeba alama ya pembetatu mbili pamoja na maandishi ya volti 1000. Kabla ya kupewa alama hiyo bisibisi hupimwa kwa volti 10,000, kwa hiyo ipo nafasi kubwa ya usalama. Mpira mwekundu uliovishwa juu ya fimbo ya kawaida, unaochezacheza na kuvutika kwa vidole, ni pambo tu. Nyingi zilizo bora zina tabaka mbili za rangi tofauti, ili tabaka la nje likichubuka rangi ya chini ijitokeze na mwenye nayo ajue kwamba imekwisha kazi. Hata hivyo kinga hiyo ni ya kumwokoa mtu pale anapokosea, na kazi ya nyumbani ianze kwa kuzima swichi kuu.

Testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, imo katika mifuko ya watu wengi kuliko chombo chochote kingine cha umeme. Inafaa kudokeza kwamba waya una umeme. Taa yake isipowaka haithibitishi kwamba waya hauna umeme, kwa sababu kuwaka kwake kunategemea mkondo mdogo unaopita mwilini mwa aliyeishika, na mtu aliyesimama juu ya ngazi ya mbao akiwa amevaa viatu vya mpira anaweza asiione ikiwaka kabisa. Aidha fimbo yake ni nyembamba na imechomekwa katika plastiki tupu, kwa hiyo kuikazia skrubu ni njia ya haraka ya kuivunja. Isihesabiwe kuwa sehemu ya seti.

Bisibisi za nati

Nati ndogo na skrubu zenye kichwa cha pembe sita hufunguliwa kwa chombo chenye mpini kama wa bisibisi lakini mwisho wake una kikombe cha pembe sita. Watu wengi hawana hata kimoja, na kazi zake hufanywa kwa koleo, ambalo hula pembe za nati. Saizi hupimwa kwa umbali kati ya nyuso mbili za nati zinazotazamana, wala si kwa unene wa bolti. Nati ya bolti ya milimita 3 ina upana wa milimita 5.5, ya milimita 4 ina 7, ya milimita 5 ina 8, ya milimita 6 ina 10, na ya milimita 8 ina 13, ingawa katika magari ya Kijapani kwa kawaida ni 12.

Chombo hiki huthaminiwa zaidi kwenye klipu za mabomba ya mpira. Klipu inayobana mpira wa rejeta au wa pampu ya maji ina skrubu yenye mkato bapa na papo hapo kichwa cha pembe sita, mara nyingi cha milimita 7 au 8. Anayetumia bisibisi bapa hapo husukuma huku akizungusha, ncha huteleza pembeni, na kilichoko pembeni ni mpira wenyewe, au mapezi laini ya rejeta, au kidole cha mkono ulioshika klipu. Kikombe cha pembe sita hukizunguka kichwa chote, hakihitaji kusukumwa, na kinaweza kutumika kwa mkono mmoja. Kwa mwenye gari, bisibisi za nati za 7, 8 na 10 zina manufaa kuliko nusu ya sanduku la ncha za msalaba, kwani 10 hufungua vishikio vya betri na vibano vingi vilivyomo chini ya boneti.

Jambo la kuchagua kwa makini ni fimbo. Fimbo yenye uwazi ndani huiruhusu bolti ndefu ipite katikati wakati nati inateremka, kama inavyotokea kwenye vishikio vya mabomba na vyuma vyenye nyuzi vinavyoshuka kutoka kwenye dari. Fimbo isiyo na uwazi hugota kwenye ncha ya bolti kabla ya nati kukaza. Sumaku ndani ya kikombe hushikilia skrubu isidondoke, jambo zuri juu ya paa, lakini sumaku hiyo hukaa pale pale ambapo bolti ingepita, na chombo kimoja ni vigumu kiwe na vyote viwili. Kwa kazi za nyumba na gari, uwazi una faida zaidi. Sumaku iachwe kwa vikombe vifupi vinavyofungwa kwenye drili, kwa mfano kile cha milimita 8 kinachokazia skrubu za kujitoboa zinazofunga mabati kwenye fremu za chuma.

Seti za nati zinazouzwa mara nyingi hufika hadi 13, na hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji. Bolti ya milimita 6 ya daraja la kawaida la 8.8 hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 10, kipimo cha nguvu ya kuzungusha, na ya milimita 8 kwa takriban 25. Kifundo cha mkono kinachozungusha mpini wa bisibisi hakiwezi kufika hizo 25, hata mpini ukiwa mnene. Kikombe cha 12 au 13 chenye mpini wa bisibisi kinafaa kuteremshia nati iliyokwisha legezwa, lakini kuilegeza na kuikaza ni kazi ya spana au soketi yenye mkono. Fedha za saizi hizo mbili zitatosha kununua 5.5 na 7 zilizo bora.

Tahadhari ya mwisho kuhusu nati ni inchi. Skrubu nyingi za majokofu na viyoyozi vyenye asili ya Kimarekani, pamoja na zile nene zinazofunga maboksi ya kompyuta za mezani, zina kichwa cha robo inchi, yaani milimita 6.35. Kikombe cha 6 hakiingii na cha 7 hucheza na kuzila pembe. Kichwa cha 5/16 ya inchi, ambacho ni milimita 7.94, hakina shida hiyo kwa kuwa kikombe cha 8 hukitosha. Asiyetaka kununua cha robo inchi anaweza kuutazama mpini wa biti, yaani ncha za kubadilisha, alionao: tundu la pembe sita ambamo biti huchomekwa lina upana wa robo inchi hiyo hiyo, na likiwa tupu huzishika skrubu za kompyuta vizuri, mradi pete ya kubania biti isiwe mdomoni mwake.

Biti za kubadilisha au bisibisi kamili

Mpini mmoja wenye biti nyingi ni rahisi kubeba, na biti ikichakaa hutupwa peke yake. Kwa ncha ambazo mtu huzihitaji mara mbili kwa mwaka, kama Torx na alini, biti ndiyo njia ya busara. Kasoro yake ni unene: kishikio cha biti hakipenyi katika tundu jembamba, na biti hucheza kidogo ndani ya kishikio, kwa hiyo usahihi hupungua. Kwa hiyo saizi za kila siku ni vyema ziwe bisibisi kamili, na zile za nadra ziwe biti.

Kwa nyumba ya kawaida, ningeanza na bisibisi sita: PH1, PH2 na PZ2, kisha bapa zenye kipimo cha 0.8 × 4 na 1.0 × 5.5, na PH2 fupi. Kama mwenye nyumba anabadilisha soketi na swichi mwenyewe, bapa zote mbili ziwe zenye alama ya volti 1000 tangu mwanzo, kwa kuwa hufanya kazi nyingine pia. Baadaye ziongezwe bisibisi za nati za 7, 8 na 10. Mwenye gari au pikipiki ya Kijapani aziweke JIS 1, 2 na 3 mahali pa PH, na JIS 2 iwe yenye kofia ya kugongwa. Seti inayotimiza hayo huenda isiwepo katika sanduku moja, na duka linalouza kipande kimoja kimoja ni la kutafutwa hata kama liko mbali zaidi.

Mtu aende dukani na skrubu tano au sita mfukoni, kutoka katika vitu vyake mwenyewe. Aichomeke ncha katika skrubu, ailaze bisibisi usawa wa kaunta, na aone kama skrubu inabaki imeshikwa bila sumaku. Kisha ashike skrubu kwa vidole na aijaribu kuiyumbisha kushoto na kulia. Ncha nzuri huyumba kidogo sana. Muuzaji akikataa pakiti isifunguliwe, ncha angalau ionekane kupitia plastiki.

Ncha bapa iliyoviringika pembe inaweza kunyooshwa tena kwa tupa, taratibu, huku unene wake ukihifadhiwa. Isipelekwe kwenye jiwe la umeme la kunolea mpaka chuma kikageuka rangi ya bluu, kwani hapo ugumu wake umekwisha ondoka. Ncha ya msalaba haina dawa: mabawa yakishaviringika bisibisi hiyo ihamishwe kwenye kazi ya kukorogea rangi, na PH2 nyingine inunuliwe kabla skrubu inayofuata haijaliwa.